Nafasi Kati ya Vioo vya Baba Pacha

Kwenye ukuta wa saluni ya Mama Pacha, katikati ya picha za mitindo ya kusuka na karatasi inayowaomba wateja wasiegemee sinki, umetundikwa ukurasa mmoja wa jarida la kemia ndani ya fremu nyeusi. Wateja wageni hudhani ni kibali cha afya. Mama Pacha huwaacha wadhani hivyo mpaka apate mtu mwenye kichwa kilichojaa rangi, asiyeweza kwenda popote. Hapo humwonyesha kwa ncha ya kitana mstari wa majina ulio juu ya ukurasa, jina la tatu na la mwisho.

"Huyu wangu," husema, kisha hurudi kwenye kazi yake kana kwamba hajasema kitu.

Wake ni mwanamume mfupi, mtulivu, mwenye miwani mbili: moja puani, nyingine kwenye paji la uso, na kila asubuhi huitafuta ya tatu ambayo hajawahi kuwa nayo. Mtaani anaitwa Baba Pacha kwa sababu ya binti zake wawili, sasa watu wazima wenye kazi zao. Chuoni anaitwa Fundi. Ni fundi sanifu wa idara ya kemia, na kabla ya hapo alikuwa mkata vioo katika duka la mjomba wake: vioo vya makabati, vya vinyozi, vya mabafu ya watu wanaojenga nyumba bila kupima ukuta. Huko ndiko Profesa alikomkuta, alipoingia dukani akitafuta mtu wa kumkatia vioo vya duara vyenye ukubwa wa kifungo cha koti, visivyo na pengo hata moja ukingoni. Mjomba mtu alicheka na kuuliza kama ni vya kujitazama sisimizi. Mpwa wake alivikata. Profesa alirudi mara ya pili, na mara ya tatu akaja na barua ya ajira.

Kazi yake sasa ni kutengeneza vioo viwili vinavyotazamana. Huviweka vile vifungo vyake ndani ya chungu cha chuma kilichonyonywa hewa yote, kisha huyeyusha chembe ya dhahabu humo mpaka mvuke wake utande juu ya kioo. Utando huo ni mwembamba kiasi kwamba ukiuinua mbele ya dirisha unaona barabara kupitia dhahabu, na barabara yenyewe, miti na magari na watu, imegeuka ya kijani. Juu ya dhahabu hupaka utando mwingine unaoilinda isiguswe na kemikali. Halafu huviweka vioo uso kwa uso, kati yao pete nyembamba ya plastiki, na kuvifunga ndani ya kikasha cha chuma kwa skrubu. Hukaza kidogo hapa, kidogo pale, akitazama chini ya taa ya manjano michirizi inayotokea kwenye vioo kama ile ya mafuta juu ya maji. Michirizi ikipanuka na kuisha, vioo vimelingana.

Alipoulizwa nyumbani nafasi hiyo ina ukubwa gani, alimwomba mkewe unywele mmoja. Alimwambia agawanye unene wake mara kumi. Hapo kwenye sehemu moja ndipo anapofanyia kazi. Mama Pacha alijibu kwamba saluni kwake, nywele zikifikia kugawanyika hivyo dawa yake ni mkasi.

Kinachotokea ndani ya nafasi hiyo si rahisi kukiamini. Mwanga ulio kati ya vioo viwili vilivyokaribiana namna hiyo hauwezi kuwa wa aina yoyote tu; lazima mawimbi yake yaenee humo sawasawa, kama kabati linavyopaswa kuenea mlangoni. Molekuli nazo hazitulii. Atomi zake hutetemeka kwenye vifungo vinavyozishikanisha, kila kifungo kwa mwendo wake. Nafasi ikirekebishwa mpaka mwanga unaoenea humo uwe na mwendo uleule wa kifungo fulani, mwanga na kifungo hushikana. Hushikana kiasi kwamba mashine ya kupima, ambayo kwa kawaida ingeonyesha kwenye mchoro wake bonde moja pale kifungo kilipo, huonyesha mabonde mawili na kilima katikati. Si mwanga tena peke yake wala si molekuli peke yake. Na hakuna taa inayowashwa. Wanafizikia wanasema hata gizani nafasi hiyo haiwi tupu kabisa. Hubaki ndani yake mtikisiko wa mwanga usiozimika, na huo unatosha.

Molekuli waliyoichagua kwenye maabara ya Profesa ina kifungo cha silikoni na kaboni, ambacho kemikali nyingine hukikata polepole katika joto la kawaida la chumba. Ndani ya chupa hukikata kwa mwendo wake wa siku zote. Kati ya vioo vya Fundi, nafasi ikiwa imelingana na kifungo hicho, ukataji hupungua kasi. Nafasi ikikosewa kidogo, kasi hurudi ilivyokuwa. Kwa maneno ya Mama Pacha akiwaeleza wateja, mume wake huzuia kemikali zisifanye haraka kwa kuzifungia kwenye kioo bila kuzigusa. Kwa kadiri maneno ya saluni yanavyoweza kwenda, hakukosea sana. Kwa nini hasa inakuwa hivyo, wenye elimu hiyo bado wanabishana.

Mtu wa pili wa maabara ni mwanafunzi wa uzamivu, binti mwembamba ambaye kila mtu, pamoja na mama yake mzazi, anamwita Turudie. Jina hilo lilitokana na neno analolisema jaribio likifanikiwa, likishindwa, na hata chakula kikiwa kitamu. Yeye ndiye aliyekuwa akijaza kemikali na kupima. Fundi alitengeneza vikasha. Mipaka hiyo haikuandikwa popote lakini ilijulikana, kama vile jikoni inavyojulikana nani anashika mwiko.

Jambo lingine lililojulikana ni simu ya saa nne. Kila asubuhi karibu na saa hiyo Mama Pacha humpigia mumewe. Ndani ya maabara kuongea na simu hakuruhusiwi, hivyo Fundi huiacha kazi mezani, huvua glavu na kwenda kusimama kwenye ngazi. Simu yenyewe si fupi. Huanza na vitu vya kununua wakati wa kurudi, hupitia habari za binti zao, na humalizikia kwa majirani. Mtunza stoo ya kemikali, ambaye mlango wake unatazama ngazi hizo, alimpa Fundi cheo cha Waziri wa Mawasiliano, na kila akipita humpigia saluti. Fundi huipokea saluti kwa mkono usio na simu. Lakini hapendi.

Mwaka huu, makala yao ikiwa imeshatoka na ukurasa umeshatundikwa, ilikuja barua pepe kutoka maabara nyingine, mbali. Ilikuwa ya adabu. Wenzao walisema wamejaribu kwa miezi, wamefuata kila kilichoandikwa, na kwao kemikali inakwenda kwa mwendo uleule, iwe kati ya vioo au nje ya vioo.

Profesa hakukasirika. Aliwakalisha wote wawili na kusema, kwa sauti yake ya kawaida ambayo ni ndogo, kwamba tangu mwanzo vikasha vyote vimetengenezwa na mtu mmoja. Tokeo lililomo kwenye vidole vya mtu mmoja tu halijawa tokeo bado. Wiki inayofuata Fundi amfundishe Turudie, na Turudie atengeneze mwenyewe. Ikipatikana, watawaandikia wenzao. Isipopatikana, makala itaondolewa jaridani.

Fundi hakuuliza kuondolewa maana yake nini. Aliufikiria ukuta wa saluni.

Aliamua wiki hiyo iende kwa heshima zote. Alipiga pasi koti lake la maabara, jambo lililowafanya binti zake wapigiane simu kuulizana baba ana nini. Akamwambia mkewe wiki hii asimpigie kabisa. Ni wiki ya mtihani, na mtu hatoki nje ya chumba cha mtihani kwenda kuongelea sabuni. Mama Pacha alisema sawa. Alilisema mara moja tu, na wanaomfahamu wanajua uzito wake.

Fundi alifundisha vizuri, kwa subira ambayo hakujua anayo. Alimwonyesha Turudie jinsi ya kushika kioo kwa kibano bila kugusa dhahabu, jinsi ya kulaza pete ya plastiki isikunjike, jinsi ya kuikaribia skrubu kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Michirizi ilipanuka na kuisha. Mashine ikaonyesha mabonde mawili, mazuri kabisa. Turudie akajaza kemikali, wakasubiri. Kemikali ilikwenda kwa mwendo wake wa chupani.

Walirudia. Ikawa vilevile. Turudie aliona haya kumtazama mwalimu wake, na mwalimu alimfariji kwamba mikono huchukua muda. Kisha, ili kumwonyesha, alitengeneza kikasha mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, bila kunyanyua kichwa.

Nacho kikagoma.

"Turudie," alisema binti, kwa mazoea.

"Turudie nini, mwanangu?" Fundi hakupaza sauti, lakini alivua miwani zote mbili. "Mikono ni hii. Dhahabu ni hii. Kama hata mimi siwezi, basi hao jamaa wa mbali wako sahihi, na sisi tulikuwa tunaota."

Profesa aliyetoka ofisini kwake alisikia, akatazama mchoro kwenye mashine kwa muda mrefu, kisha akasema wapumzike. Jumatatu angewaandikia wahariri wa jarida.

Jioni hiyo Fundi alipitia saluni, akapanda kiti na kushusha fremu. Mkewe alikuwa akifagia nywele sakafuni. Alimuuliza anaipeleka wapi. Alijibu kwamba kioo kina mkwaruzo, anataka kukibadilisha.

"Kioo hicho ulikikata mwenyewe," alisema Mama Pacha. "Kina mkwaruzo gani?"

"Mdogo."

Mkewe aliendelea kufagia. Pale fremu ilipokuwa palibaki pembe nne safi kuliko ukuta wote, na kila aliyeingia alipatazama.

Turudie hakupumzika. Jumamosi asubuhi aliingia maabara peke yake, akakichukua kikasha cha mwisho cha Fundi, ambacho kilikuwa bado kwenye mashine, na kufanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya wiki nzima, wala mwaka mzima. Siku zote walipima nafasi kati ya vioo mwanzoni, kabla kemikali haijaanza kazi. Mwishoni hawakupima. Siku za kwanza kabisa walikuwa wakipima, lakini vikasha vya Fundi havikuwahi kusogea hata kidogo, na baada ya miezi walijiona wanapoteza muda kupima kitu kisichosogea. Profesa mwenyewe ndiye aliyesema waache. Sasa Turudie alipima. Mabonde mawili hayakuwapo. Lilikuwapo moja. Nafasi ilikuwa imepungua: pete ya plastiki, ikiwa imebanwa na skrubu, ilikuwa imeendelea kubonyea polepole kemikali ikiwa ndani, na mwanga ukaachana na kifungo njiani.

Alikwenda moja kwa moja saluni, akijua kwamba Jumamosi Fundi huwa huko akitengeneza kilichoharibika. Alimkuta amelala chali chini ya sinki. Mama Pacha alikuwa katikati ya kumpaka rangi mteja wake wa asubuhi, mama mnene aliyefunga macho.

"Shikamoo, Fundi. Nafasi inasogea," alisema Turudie, kwa miguu iliyokuwa ikionekana.

Miguu ilitulia. Fundi alitoka, akasikiliza, akafuta mikono. Alisema haiwezekani, haijawahi kusogea.

"Ndiyo maana nimekuja. Zamani ulifanya kitu ambacho wiki hii hukukifanya."

"Sikuacha kitu, binti. Nimeongeza hata pasi."

Turudie alivuta kigoda, akamwomba amsimulie asubuhi yake ya kawaida, si ya wiki hii, tangu anapoingia mlangoni. Fundi alisimulia kwa utaratibu, kama mtu anayetoa ushahidi: koti, glavu, vioo, pete, skrubu, michirizi inaisha. Kisha anakaza tena. Kisha anampa yeye ajaze.

"Unakaza tena? Mbona hukunifundisha hilo?"

"Hiyo si hatua. Hiyo ni kwa sababu nimesahau niliishia skrubu ipi, basi nazipitia zote upya. Nawe ukisahau utafanya hivyo. Si jambo la kufundisha."

"Unasahau kwa nini?"

Fundi aliangalia bomba alilokuwa ametoka kulikaza. Aliyejibu ni mkewe, bila kugeuka, brashi ya rangi mkononi.

"Anasahau kwa sababu anaongea na mimi."

Turudie aligeukia upande huo taratibu sana. Aliuliza, kwa heshima, huwa wanaongea kwa muda gani.

"Mpaka rangi ishike," alisema Mama Pacha. "Wateja wa rangi nawaweka asubuhi. Nikishampaka, nikamfunika kichwa, nampigia huyu. Ikishika, nakata simu naenda kuosha. Sasa ungetaka nikae naitazama?"

"Na rangi hushika kwa muda gani, mama?"

Hapo mteja alifumbua jicho moja. Alikuwa mtu pekee chumbani aliyekuwa akifuatilia saa. "Nusu saa," alisema. "Na zangu hazijamalizwa hata kupakwa, mnaongea tu."

Turudie alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Kwa muda wote huo pete ya plastiki ilikuwa ikipewa nusu saa ya kubonyea mpaka ichoke, peke yake mezani, huku Fundi akiwa kwenye ngazi. Alipozikaza skrubu tena, hakukuwa tena na pa kubonyea. Muda huo haukupangwa na Profesa wala Fundi. Ulipangwa na kemikali nyingine kabisa, juu ya vichwa vya wateja, ng'ambo ya mji.

Fundi hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba lile halikuwa kazi, ndiyo maana hakulitaja. Mtu hawezi kuwaambia watu wa sayansi kwamba katikati ya jaribio anasimama ngazini akitumwa vitunguu. Alitaka wiki ya mtihani iwe safi.

"Ukaisafisha mpaka ukanifuta na mimi," alisema Mama Pacha. Alimfunika mteja kichwa kwa kofia ya plastiki, akavua glavu, na kwa sekunde moja mkono wake ulikwenda mfukoni kwenye simu, kwa mazoea, ingawa mume mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake.

Jumatatu Profesa alikuwa ameshaandika nusu ya barua yake. Turudie alimwomba asubiri mpaka mchana, akamweleza kisa chote. Profesa alisema kosa la kuacha kupima mwishoni ni lake, na hilo waliweke wazi. Akafunga barua bila kuituma na kuja kukaa nao maabara.

Safari hii Turudie alitengeneza kikasha peke yake. Fundi aliweka mikono mfukoni ili isimponyoke. Michirizi ilipanuka, ikaisha. Saa nne simu ilitetema, Fundi akatoka, na mtunza stoo akampigia saluti kama kawaida. Ndani, hakuna aliyegusa kitu. Profesa alisimama karibu na mlango akisikiliza, na inasemekana ilikuwa mara yake ya kwanza maishani kutamani mazungumzo ya mtu mwingine yarefuke. Huko ngazini jirani mmoja aliolewa, mwingine akahama, na bei ya vitunguu ikajadiliwa kwa kina. Kisha rangi ikashika.

Fundi aliporudi, Turudie alipitia skrubu zote upya. Akajaza. Wakapima mwanzoni, wakasubiri, wakapima mwishoni. Mabonde mawili yalikuwa palepale. Kemikali ilikwenda taratibu, kama makala ilivyosema ingekwenda.

"Turudie," alisema Fundi, kabla ya mwenyewe.

Walirudia wiki nzima. Walirudia pia kwa kuikosea nafasi kwa makusudi, na kasi ikarudi ya chupani, kama inavyotakiwa. Profesa aliwaandikia wahariri marekebisho badala ya maombi ya kuondoa: kikasha kikishafungwa kiachwe kitulie kwa nusu saa, kikazwe upya, nafasi ipimwe mwanzo na mwisho. Wenzao wa mbali walipelekewa hayohayo. Wamejibu kwamba wataanza upya. Kilichotokea kwao hakijajulikana bado. Mama Pacha aliposomewa sentensi ya nusu saa aliuliza yeye yuko wapi hapo. Mumewe alimweleza kwamba lugha ya kisayansi haina nafasi ya mambo ya simu. Alisema basi wajaribu na kimya chake waone, kisha akakumbuka kwamba walishajaribu.

Fremu ilirudi ukutani Jumamosi iliyofuata. Ilibidi iwe na kioo kipya, kwa kuwa Fundi alikuwa ameshasema kile cha zamani kina mkwaruzo. Aliitundika, akashuka kitini, akarudi nyuma kuitazama.

"Imepinda," alisema Mama Pacha, brashi mkononi, mteja mbele yake.

"Haijapinda. Ukuta ndio uliopinda."

"Imepinda, baba."

Alichukua bisibisi na kupanda tena kitini. Mkewe alimfunika mteja kichwa, akamwambia mumewe asikaze sasa hivi. Aiache kwanza, atamwita rangi ikishika. Baba Pacha alishuka, akakaa kwenye kiti cha wateja chini ya ukurasa wake, bisibisi mapajani, akasubiri.